Hata mimi ningelitema

Siku ya nne leo na bado nayasikia: "Hili hata mimi ningelitema."

Mama mkwe hakusema kwa ubaya, najua. Alichovya kidole kwenye bakuli la boga la Bosi Mdogo, mtoto wangu, akaonja, akanyamaza kidogo, ndipo akayatoa hayo maneno huku akijifuta kidole. Nikamrukia: "Mama, haruhusiwi chumvi kabla hajafikisha mwaka." Akanitazama. "Sikutaja chumvi, mwanangu."

Na mume wangu akacheka. Kicheko chake ndicho kinachoninyima usingizi.

Maana boga lile nililipika kwa mvuke, nikalisaga, nikalichuja mara mbili, nikaligandisha kwenye trei ya barafu, kila kijumba mlo mmoja. Siku tatu boga tupu, nisubiri nione kama litamdhuru, kabla ya kugusa kitu kingine. Dengu zinangoja zamu, na zina haraka, kwani akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huanza kupungua mtoto anapofika kama miezi sita. (Viazi mbatata sivirudii kwenye blenda. Vilitoka gundi.) Wiki hii pia nimepewa nafasi mpya kazini, naanza Jumatatu, sawa. Lakini "sikutaja chumvi, mwanangu"! Kwa hiyo alitaja nini?

Jana mchana nikaonja. Msinicheke: siku zote hizo nimepima joto la boga kwenye kifundo cha mkono, mdomoni sijalitia hata mara moja. Lilikuwa maji ya friza yenye rangi. Nilikuwa naongeza maji kila blenda inapokwama, mpaka boga lenyewe likaniishia bila kujua.

Nikapika kipande kipya, nikakiponda kwa uma tu, nikakilegeza kwa maziwa yangu. Bosi Mdogo akafungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Vitatu! Cha nne akakitema kwenye nyusi zangu, sijui kwa ufundi gani, akacheka na yeye. Kumbe kicheko hicho ni cha baba yake kabisa.

Leo mama mkwe kapiga simu. "Alikula?"

"Alikula, Mama."

"Haya." Hakuongeza neno, nami sikumwambia kuhusu uma. Bado.

Halafu lile jino nililoziba mwezi wa tatu limeanza tena kugonga, upande uleule, na daktari yuko likizo.