Kuku hawajifugi: siku moja uani kwangu, Chanika

Saa kumi na moja na nusu alfajiri jogoo ameshawika mara tatu na mimi bado naitafuta kandambili ya mguu wa kushoto. Nikimwambia mtu nafuga kuku nyumbani, jibu huwa lile lile: "Una raha wewe, kuku si wanajifuga tu." Kuku wa bibi yangu kule Kilosa ndio waliojifuga. Walilala juu ya mwembe, wakala mchwa na makombo, na ugonjwa wa mdondo ulipopita ukawazoa karibu wote, bibi akaanza upya na tetea mmoja na majani ya mwarobaini. Wangu wako 51, kwenye banda la mita tatu kwa nne nyuma ya nyumba: mitetea 40 chotara, majogoo wanane (watatu wa mbegu, waliobaki wa kuuza) na mitetea watatu wa kienyeji wasiotaka ushauri wa mtu.

Sifungui banda kabla ya kusimama nje kidogo na kusikiliza. Kuku mwenye mafua hukoroma, na ukitaka kumsikia msikilize kabla wenzake hawajaanza kelele. Leo kimya. Naingia, navuta pumzi. Macho yangewasha ningejua maranda yameloana yanataka kubadilishwa. Hayawashi. Namulika chini ya vichanja walikolala nikitazama kinyesi. Naam, kazi hii inaanza kwa kukagua kinyesi kabla hujanywa chai. Kikiwa kigumu chenye kofia nyeupe, Mungu asifiwe. Kikiwa cha majimaji ya kijani, siku imeharibika.

Kilikuwa kizuri. Nikafungua mlango, wakanipita miguuni kama abiria wa Gongo la Mboto wakigombea daladala ya mwisho. Wote isipokuwa mmoja. Shangazi, tetea mwekundu ambaye mwanangu kampa jina hilo kwa sababu hakuna chakula cha mtu asichokidonoa, alibaki kona ya nyuma amesimama wima, mkia chini, macho nusu yamefumba.

Moyo ulinipasuka. Wiki iliyopita jirani wa mtaa wa pili alichimba shimo akafukia kuku wake karibu wote. Mdondo, kideri, uite utakavyo, hauna dawa. Kuna chanjo tu, na hii ya I-2 ya matone ni rahisi mno kwa mtu kuwa na kisingizio: tone moja jichoni kwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Mimi nilichanja mwezi jana. Niliwakamata usiku mmoja mmoja, mwanangu akishika tochi. Ila kuna mmoja aliyeponyoka akaingia nyuma ya simtanki, nikasema nitamchanja kesho. Kesho ile haikufika. Sasa nimesimama bandani najiuliza, alikuwa Shangazi au hakuwa? Weusi wangu nawafahamu mmoja mmoja, lakini wekundu wako kumi na wanne.

Nikambeba kwapani hadi stoo, nikamtia kwenye boksi lenye maranda, nikanawa mikono kwa sabuni na kubadilisha kandambili kabla ya kurudi bandani. Majirani huniona natia chumvi. Sawa tu.

Saa moja hadi saa mbili na nusu ni kuosha vyombo vya maji, kujaza, kulisha, kufagia, kugeuza maranda. Hakuna la kusimulia.

Saa tatu nikakuta mfuko wa chakula umebaki robo. Hapa ndipo ninapotaka wale wanaosambaza hesabu za faida ya kuku kwenye simu wanisikilize. Kuku anayetaga anakula karibu gramu 120 kwa siku. Wangu wote kwa jumla wanamaliza kilo sita, yaani mfuko wa kilo 50 hautimizi siku tisa. Nachanganya mwenyewe: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, mifupa ya kusaga, chokaa ya kuimarisha ganda la yai, premiksi (vitamini na madini) na chumvi kidogo. Muuza pembejeo nimemzoea, lakini kuzoeana hakuzuii mchanga. Kila nikinunua dagaa wa kuku natia konzi moja kwenye kikombe cha maji pale pale dukani. Dagaa wanaelea, mchanga unatulia chini. Leo ulitulia wa unene wa kidole. Nikaomba gunia lingine, na yeye akanitazama kama nimemtukania mama yake.

Mwezi huu chokaa ilikuwa imeisha pale dukani siku niliyochanganya. Nikasema nitaongeza mfuko ujao. Likumbukeni hilo.

Saa tano nakusanya mayai. Kumi na saba. Mtu akiniuliza nina mitetea mingapi nikamwambia 40, anauliza na mengine yako wapi. Ndugu yangu, yai moja huchukua takribani saa 25 kutengenezwa tumboni mwa kuku, na sehemu kubwa ya muda huo ni ganda peke yake. Hata anayetaga vizuri huchelewa kidogo kila siku hadi anairuka siku moja. Na chotara si kuku wa mayai wa kisasa. Ana mwili wa kulisha, kuna waliopandwa na hamu ya kuatamia, kuna wanaonyonyoka manyoya na kupumzika. Mayai 17 kwa shilingi 400 ni 6,800. Chakula cha siku ile hakikupungua 5,500. Toa chanjo, toa maranda, toa vocha ya kumtafuta bwana mifugo. Ndiyo maana faida yangu halisi iko kwenye majogoo. Na majogoo wana wateja wao.

Mteja wa leo alipiga saa nne. Anataka majogoo watatu wa kisomo, yuko njiani. Saa sita akasema yuko hapa hapa stendi, anaingia. Saa saba yuko kwa mjumbe. Kuanzia kwa mjumbe hadi kwangu ni dakika nne kwa miguu hata ukiwa na bakora. Nikawafungia majogoo watano kwenye tenga ili achague, nao wakaanza kupigana humo ndani, ikabidi nitoe wawili.

Katikati ya kumsubiri, bwana mifugo akapokea simu. Sikumpa hata salamu. Akaniuliza pua zina kamasi? Hazina. Shingo imepinda? Haijapinda. Kinyesi? Hakuna kabisa tangu asubuhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, kabla hujalia, mshike tumbo chini ya mkia." Nikamshika. Palikuwa na uvimbe laini, kama puto lililotiwa maji nusu, na kila baada ya muda Shangazi anajikamua, mkia unapanda na kushuka, halafu anachoka. Yai limekwama. Na ulaini ule ulimaanisha halina ganda, au lina la kubahatisha.

Chokaa. Nikaufunga mdomo.

Basi nikachemsha maji, nikayapooza hadi vuguvugu la kumwogeshea mtoto, nikakaa chini ya mpapai na beseni katikati ya magoti. Shangazi ndani, maji yamefika tumboni, mkono wangu mmoja kifuani pake. Siri ni kutokuminya. Yai likipasukia ndani umempoteza. Unamwacha tu misuli ilegee, dakika kumi na tano, ishirini. Mwanzo alipiga mabawa akanilowesha hadi kilemba. Baadaye akatulia, akafumba macho, akawa kama bibi mwenye baridi yabisi aliyepata maji ya moto.

Hapo ndipo mteja alipoingia. Saa tisa na robo.

"Dada yangu, unamwogesha kuku?"

Nikamweleza. Akacheka. Kisha kicheko kikakatika, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja kanzu. "Huyu si mdondo huyu?" Akaliambia geti, na geti likauambia mtaa. Nikamwambia si mdondo, kaka, yai limekwama. Akasema naye kakulia kwenye kuku, anaujua mdondo. Nikamwambia tazama tenga lile, majogoo wanakaribia kuuana. Mgonjwa ana nguvu hizo? Akalizunguka tenga. Akamwinua mmoja kwa miguu, akampima kwa mkono juu chini, juu chini, akasema mwepesi. Akampuliza manyoya ya kifuani kuona nyama. Akasema hawa si wa kienyeji, wana miguu ya njano. Nikasema sijawahi kukwambia ni wa kienyeji, nilikwambia chotara kwenye simu, na bei nilikwambia 25,000. Akasema hiyo ni bei ya kuku asiyekaa na mgonjwa.

Akatoa ofa ya 15,000.

Miezi mitano nimewalea wale majogoo. Walipokuwa vifaranga umeme ulikatika siku ya nne, nikalala kwenye kiti nikiangalia jiko la mkaa, bruda (sehemu ya kuwapashia vifaranga joto) isije ikapoa wakalundikana wakakanyagana. Mwewe alichukua wawili mchana kweupe mimi nikianika nguo. Ndui iliwatoka vipele machoni, nikawasafisha kwa pamba kila asubuhi. Yote hayo nilitaka kumwambia, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya beseni, na mtu aliyeshika kuku majini hana heshima ya kugombana.

Tukaenda hivyo hadi karibu saa kumi na moja. Aliondoka kwa hasira, akarudi kutoka getini. Alimpigia mkewe, nikamsikia mkewe akimuuliza kwa sauti mbona bado hajafika. Nadhani huyo mama ndiye aliyeniuzia kuku. Tukamaliza kwa 22,000 kila mmoja, watatu 66,000, na sharti la mwisho: wachinjwe hapa na wanyonyolewe, maana nyumbani wanawake wana kazi nyingi. Mimi mkristo, kisomo ni chake, kwa hiyo nikamtuma mwanangu amwite mzee wa nyumba ya pili aje achinje. Mzee akachinja, akapewa ahsante na mteja. Kunyonyoa akaniachia mimi. Bure.

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena. Nililisha mara ya pili, nikaokota mabaki ya majani ya mpapai waliyoyadonoa, nikagundua mteja ameacha geti wazi na mitetea wawili wako barabarani mbele ya bodaboda. Kuna jirani alipita akaulizia kwa upole kama "ule ugonjwa" umeshafika kwangu. Nikamwonyesha Shangazi. Hakusogea karibu.

Giza lilipoingia walipanda vichanja wenyewe, hilo moja nawasifu. Nikahesabu kwa tochi, nikipunguza watatu waliokwenda na mmoja aliye stoo. Wanapaswa kuwa 47. Nikapata 46. Nikahesabu tena nikapata 48. Ya tatu 47, nikaikubali. Nyuma ya simtanki nikamulika pia, nikiwaza tena yule niliyemwacha bila tone. Keshokutwa naagiza kichupa kingine, nawarudia wote.

Nilikuwa nimeshavua nguo zenye harufu ya manyoya ya moto niliposikia kishindo kidogo stoo. Nikaenda na tochi. Shangazi alikuwa amekaa pembeni ya boksi, na nyuma yake juu ya maranda palikuwa na yai kama kifuko cha maziwa mgando, ngozi tupu, kiini kinaonekana kwa ndani. Nilipoliinua likabonyea kidoleni. Yeye alikuwa anatazama kikombe cha pumba kama mtu aliyecheleweshewa chakula hotelini.

Yai hilo haliuziki, hata kukaanga sikutaka. Nikampa mbwa. Kisha nikafungua daftari, pale nilipoandika 17 nikakata, nikaandika 18, na pembeni yake kwa wino mwekundu: chokaa, kilo mbili, kesho asubuhi kabla ya chai.