Kukanusha kwa Kiingereza bila kumwita mtu mwongo

Kazi yangu ni kujibu barua pepe za wateja kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya majibu hayo ni kukanusha. Shule ilinipa "It is not true" na "You are lying", basi. La kwanza linafaa karibu kila mahali. La pili ni shtaka: "lie" hudai kwamba mtu anaujua ukweli na anaupindisha makusudi, na nia ya mtu mimi nitaijulia wapi?

Kilichonisaidia ni kuyapanga maneno kwa kile yanacholenga, si kwa ukali wake. "Incorrect" na "inaccurate" hulenga taarifa yenyewe: tarehe, kiasi, jina. "Mistaken" humgusa msemaji, ila humwachia mlango wa kutokea. "Unfounded" na "baseless" husema tu kwamba dai halina msingi, ndiyo maana wasemaji wa serikali huyapenda mno. Mimi napenda "misleading", kwa sababu kila sentensi inaweza kuwa sahihi na msomaji bado akapotoshwa.

Waingereza wenyewe wana tafsida za ajabu. Bungeni kwao, mbunge akimwita mwenzake mwongo hutakiwa afute kauli. Mwaka 1906 Winston Churchill alitamka humo "terminological inexactitude", yaani kukosa usahihi wa istilahi, na hadi leo watu huyatumia maneno hayo kwa maana ya uongo. Mwaka 1986, katika kesi moja huko Australia, ofisa mkuu wa serikali ya Uingereza, Robert Armstrong, akaeneza "economical with the truth", yaani kuutumia ukweli kwa ubahili. Raha kuyasoma, lakini kwenye barua ya kazi yananuka kejeli. "Nonsense" na "rubbish", yaani upuuzi, nawaachia marafiki.

Majuzi mteja aliandika kwamba hakuwahi kupata taarifa ya malipo, na nakala ninayo. Mwenzangu alipendekeza tuanze na "As you well know", yaani "kama unavyojua fika". Nikaifuta, nikaandika: "I'm afraid that's not quite right. The notice was sent last month. A copy is attached." Hiyo "I'm afraid" haina woga wowote, inalainisha tu. Nayo "not quite" ni ya adabu, maana kauli yake ilikuwa mbali kabisa na ukweli.

Alijibu kwamba ameikuta kwenye barua taka. Hakuomba radhi, wala sikuzitaka, deni alilipa.