Togwa ya bibi na ile safari ya kuchimba dawa

Desemba 2016 jino lilinitesa wiki nzima nikiwa Dar, na mimi kama wabongo wengi nikaona hospitali ya nini, nikaingia duka la dawa la mtaani nikapewa ampiklox, antibayotiki ya kuua bakteria, bila kuulizwa hata cheti, nikabugia siku tatu, jino likatulia. Siku ya nne tumbo likaanza kunguruma kama pikipiki iliyotobolewa ekzosi. Nikajifanya mjuaji, nikarudi kununua flajili, antibayotiki nyingine. Hapo ndo nilijimaliza kabisa.

Na tiketi ya Songea nilishakata! Basi limetoka Ubungo alfajiri, mpaka tunafika Mikumi nilishaomba kuchimba dawa, yaani basi lisimame nikajisaidie porini, mara tatu, abiria wananiangalia kwa huruma ile yenye kicheko ndani. Tulipoanza kupanda mlima Kitonga nikamfuata konda tena, akaniambia, "Braza, huku kona tupu, hatusimami, jikaze." Nikajikaza. Sitaeleza zaidi.

Nimefika usiku macho yameingia ndani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu, mbona umekauka hivyo, Dar hamli?" Nikamsimulia, akasonya, akanikorogea maji yenye sukari na chumvi, akasema asubuhi nitakunywa togwa, ule uji wa kuchachushwa. Mi moyoni nasema huyu bibi anataka kuniua, mtu anaharisha unampa kitu kichachu?

Ila nilikaa jikoni namwangalia. Uji wa dona ulishapikwa mzito, mwiko ukiusimamisha hauanguki, akauacha upoe, anachovya kidole anangoja, anachovya tena, mpaka ukawa vuguvugu. Akatia unga wa kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa, na kikombe kimoja cha togwa ya juzi. Aisee haikupita muda ule uji ukalegea wenyewe ukawa wa kumiminika, bila kuongeza tone la maji! Kumbe kimea ndo kinavunja ule wanga unakuwa sukari, halafu usiku kucha bakteria waliotoka kwenye kile kikombe wanaila ile sukari na kutoa asidi, ndo uchachu wenyewe huo, na vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kuishi humo.

Asubuhi binamu yangu akataka kuichemsha eti kwa sababu mgonjwa ndo anakunywa. Bibi akamkata jicho, "Ukichemsha umeua, unampa uji tu." Bibi hajawahi kusoma baiolojia hata siku moja.

Nimekunywa kata moja, ikafuata nyingine, siku ya tatu nikala ugali na mboga za maboga kama mtu. Dawa nazo nilishaziacha, kwa hiyo siwezi kuipa togwa sifa zote, ila baadae nilivyosoma nikaelewa nilichokuwa nimejifanyia. Utumbo mpana umejaa bakteria matrilioni, wengi ni wenyeji wema, wanachakata nyuzinyuzi ambazo sisi tumeshindwa kusaga na wanabana nafasi ili wakorofi wakose pa kukaa. Ampiklox ni dawa mbili kwenye kidonge kimoja, inapiga tu haiangalii nani mwema. Flajili inaua wale wasiopenda oksijeni, na wenyeji wengi wa kule chini ndo hao hao! Yaani nilifukuza wapangaji wote nyumba nzima kisa jino. Na togwa yenyewe kumbe ilishajaribiwa kwa watoto wadogo hapa hapa Tanzania, matokeo yakachapishwa 1999, waliokunywa wakakutwa na vimelea vya kuharisha kidogo kuliko wenzao.

Siku ya kurudi bibi akanijazia chupa ya maji ya lita moja na nusu, mi nikakaza kizibo kwa nguvu zote. Karibu na Makambako jua kali, chupa imevimba kama mpira, nikajaribu kulegeza kidogo tu, puuuu! Jirani yangu, mzee wa shati jeupe, kalowa mpaka kwenye ndevu. Nikaanza kuomba radhi natetemeka, mzee akalamba mdomo taratibu.

"Ya ulezi hii?"

"Ndio mzee, kimea cha ulezi."

"Imebaki?"