"Mama, unafikiria kujiua?"

Mama moja alikuja kwenye kituo chetu hapa Goma, kichwa kinauma, usingizi hakuna, nikamupima tansio iko sawa, nikawa tayari kumuandikia paracetamol aende, njo akasema pole pole, macho kwenye kambambili zake zenye vumbi ya makala ya kupikia: "muganga, nimechoka." Hapa kwetu hilo neno linabeba mengi. Kuna kuchoka mwili na kuna kuchoka kuishi.

Zamani ningemuuliza hivi: "lakini mama, hauna mawazo mabaya, eh?" Niliuliza hivyo miaka mingi na karibu wote walinijibu hapana. Ile swali ilikuwa imeshabeba jibu yake, mugonjwa anasikia kwamba unaogopa, anakuhurumia, anasema hapana, na wewe unaandika kwenye fishi "hatari ndogo". Niliogopa nikitaja kujiua nitamutia wazo kichwani. Si kweli, watafiti wameangalia sana hilo, kuuliza wazi hakuleti wazo, wengi hata wanasikia nafuu. Na ile kupanga hatari "ndogo, ya kati, kubwa" haitabiri nani atajiua, Uingereza mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya matibabu, umeshasema watu wa afya wasiitumie kabisa. Hatari inapanda na kushuka, ya asubuhi si ya usiku. Kila mwaka watu zaidi ya 720,000 duniani wanakufa kwa kujiua, na sisi bado tunasema ni pepo, ni dhambi, basi mutu ananyamaza.

Siku hiyo nikafunga mlango, nikavuta kiti. "Mama, unafikiria kujiua?"

Kimya. Nje kuna mtoto analia, wanamuchanja.

"Ndiyo. Tangu bwana yangu afe."

Nikamuuliza kama ameshapanga namna, lini, na nini inamuzuia. Watoto, akasema. Tukaandika pamoja kwenye karatasi: siku mbaya inaanzaga namna gani, atamuita nani, vitu gani dada yake aondoe kwa nyumba. Sikumuacha arudi yeye peke, dada yake alikuja kumuchukua, kesho yake wakaenda Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili hapa Goma, hata kama mwanzo alikataa juu watu watasema amekuwa wazimu.

Siku ya tatu nikamupigia. Nyuma yake kelele ya soko ya Virunga. "Ngoja kidogo muganga, nipimie huyu mutu makala yake."

Nikangoja.