Siku moja maishani mwangu: Jumatano ya mwalimu wa muziki aliye BTP (mazoezi ya kufundisha ya mwanachuo), Dodoma

Saa 12:30 asubuhi

Mkoba unakaguliwa kitu kimoja kimoja: kompyuta mpakato yenye chaji kamili, spika ndogo ya kuchaji, waya wa HDMI wa mita 5, waya wa sauti wa milimita 3.5, ekstensheni, flashi mbili, karatasi tatu za manila na kalamu nene. Kila faili la leo limo kwenye kompyuta na pia kwenye flashi. Hakuna hata moja linalotegemea intaneti. Michezo ya muziki ya mtandaoni hupendeza chuoni, lakini wanafunzi 58 hawatakaa kimya wakisubiri bando lishike.

Manila ni za umeme ukikatika. Nyimbo za leo zimeandikwa humo kwa solfa (do, re, mi), herufi zenye urefu wa sentimita 5, zisomeke hadi dawati la mwisho.

Saa 1:15

Wanafunzi wako mstarini, darasa ni tupu. Huu ndio muda wa kufunga mitambo, maana wakishaingia kila waya unaotafutwa unakula kipindi.

Projekta nyingi za shule hutoa picha yenye upana wa mita 2 zikiwekwa mita 3 hivi kutoka ukutani. Huku kwetu jua la asubuhi ni kali na madirisha hayana mapazia, kwa hiyo huchaguliwa ukuta ambao jua haliupigi, hata kama si wenye ubao. Nota hukuzwa hadi mstari mmoja ubebe vipimo viwili tu. Ukionyesha ukurasa mzima, safu ya nyuma wanaona sisimizi.

Halafu linakuja kosa la kila mgeni. Ukichomeka HDMI, sauti huihama spika yako na kwenda kwenye kispika kidogo kilicho ndani ya projekta, au isisikike kabisa. Kompyuta ni nzima. Bonyeza alama ya spika chini kulia na uchague tena spika yako. Waya wa zamani wa VGA wenyewe haubebi sauti, hivyo hauna tatizo hilo.

Spika huunganishwa kwa waya. Bluetooth ni ya kusikilizia tu, kwa sababu huchelewa, na nyingi huchelewa hadi sekunde 0.2. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika pigo moja ni sekunde 0.5, kwa hiyo mwalimu akibonyeza kinanda cha kwenye kompyuta, sauti inatoka karibu nusu pigo nyuma ya kidole. Darasa linapiga makofi kwa kufuata macho, spika inasema lingine.

Saa 2:00 – 2:40, Kidato cha Kwanza

Somo ni kuweka maneno chini ya nota kwa MuseScore, programu ya bure ya kuandikia nota. Hatua ni chache: N kuanza kuandika, 5 kwa nota ya pigo moja, 4 kwa nusu pigo, kisha herufi ya nota. Ukirudi kwenye nota ya kwanza, Ctrl+L hufungua mstari wa maneno. Kitufe cha nafasi kinakupeleka kwenye neno linalofuata, kistari kinakata silabi.

Hapo ndipo Kiswahili kinapodai haki yake. *Mtoto* ni silabi tatu, m-to-to, na ile *m* inataka nota yake. *Nchi* ni mbili, *mbwa* vilevile. Lakini *ng'ombe* ni ng'o-mbe, ambapo *m* inabebwa na *be*. Mwanafunzi akikata *mto-to* atabakiwa na nota moja mwishoni bila neno, na hilo ni jambo jema: programu imemwonyesha kosa bila mwalimu kufungua mdomo. Wapige makofi kwa silabi kwanza, ndipo mmoja aje kuandika.

Saa 4:00

Chai na maandazi. Kompyuta inarudi kwenye chaji, projekta inazimwa kwa kitufe na kuachwa feni imalize kupoza taa ndipo waya uchomolewe.

Saa 4:30 – 5:50, Kidato cha Pili, vipindi viwili mfululizo

Mada ni ngazi za sauti, na darasani kuna ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, iliyoletwa kutoka nyumbani kwa mwanafunzi, yenye vyuma vyake na utando wa buibui unaozibia matundu ili ivume. Ukitumia programu ya simu ya kupimia sauti bila kufikiri, mshale utakwambia ilimba ni mbovu. Chuma hiki kinasoma senti 31 chini, kile senti 14 chini. (Nusu toni moja ya kinanda hugawanywa senti 100.) Mwalimu mgeni huona wekundu kwenye skrini na mkono unaanza kuwasha.

Kabla ya kugusa chuma, fungua Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, nenda kwenye sehemu ya kutengeneza toni, tengeneza 110 Hz (mitetemo 110 kwa sekunde). Kisha zidisha: mara 4 ni 440, mara 5 ni 550, mara 6 ni 660, mara 7 ni 770, mara 8 ni 880, mara 9 ni 990. Hizi ndizo sauti ambazo kila uzi mmoja unaotetemeka hubeba ndani yake. Sasa zilinganishe na kinanda. Nota iliyo karibu na 770 kwenye kinanda ni 784, tofauti ya senti 31. Iliyo karibu na 550 ni 554.4, tofauti ya senti 14. Namba ni zilezile za mshale! Muziki wa Wagogo, ule ambao marehemu Hukwe Zawose aliufikisha mbali kwa ilimba na zeze, unajengwa juu ya mfululizo huo wa sauti za asili. Programu ya simu imepangiwa kinanda, ambacho hugawa oktavu sehemu 12 zilizo sawa. Haina sikio jingine.

Ukivuta chuma kirefuke, sauti hushuka. Ukikirudisha ndani, hupanda. Milimita moja yatosha kuharibu. Kwa hiyo sheria ya kipindi hiki ni kwamba ilimba ya mtu hairekebishwi ili kuifurahisha simu. Wanafunzi wanaandika jedwali la safu tatu: namba ya chuma, Hz iliyopimwa, tofauti na kinanda kwa senti. Kila chuma kinapimwa mara tatu, kikipigwa taratibu, simu ikiwa sentimita 20 hivi kutoka kwenye sanduku, kwa sababu kikipigwa kwa nguvu mwanzo wa sauti hupanda kidogo na mvumo unauyumbisha mshale.

Saa 6:15 mchana

Mwalimu mlezi anapitia andalio la somo. Swali lake ni moja: ni dakika ngapi mwanafunzi alikuwa akiimba au kupiga, na ngapi alikuwa akitazama skrini? Kwenye kipindi cha dakika 40, skrini ikizidi 15 somo limegeuka kuwa la kompyuta.

Saa 8:30 mchana, kwaya

Sauti nne zinarekodiwa moja moja kwa ajili ya mazoezi ya nyumbani. Chumba ni stoo ya magodoro, ambayo haina mwangwi. Kipaza sauti kiko shubiri moja kutoka mdomoni, na kipimo kwenye Audacity hakivuki −6 dB hata pale wanapopaza. Kikigonga 0 sauti inapasuka, na ikishapasuka haitengenezeki. Wimbo wa dakika 3 wa mono (chaneli moja), bila kubanwa, unakula MB 16 hivi kwa kila sauti.

Faili la sauti ya pili lina sauti ya pili sikio la kushoto na nyingine tatu kulia, hivyo anayetaka kujipima anachomoa kushoto. Faili litumwe WhatsApp kama hati. Usicheze wimbo kwenye spika ili kuurekodi kama ujumbe wa sauti: huko hubanwa sana, na nota ndefu simu inaweza kuidhania kelele ikaipunguza.

Mtego wa mwisho uko kwenye mikisa ya ukumbi, mashine ya kuchanganya sauti. Waya wa simu wenye kushoto na kulia ukiingizwa kwenye tundu moja kubwa la kipaza sauti, mikisa huchukua upande mmoja na kuutoa kwenye mwingine. Kilicho sawa pande zote mbili, yaani mwimbaji aliye katikati, kinafutika, na kinabaki mwangwi wake na vyombo vya pembeni. Watu hulaumu spika. Dawa ni waya wenye vichwa viwili, kila kimoja na chaneli yake. Ukiukosa, unganisha wimbo wote kuwa mono ndani ya Audacity, uusukume wote kushoto, uhifadhi upya. Kulia kukiwa kimya hakuna cha kufutana.

Saa 2:00 usiku

Majedwali ya ilimba yanaingizwa kwenye kompyuta. Chuma cha saba kina vipimo vitatu visivyokubaliana, kwa hiyo Ijumaa kitapimwa upya, dirisha la upande wa barabara likiwa limefungwa.