Humrudi

Nilipokuwa mtoto niliusoma Waebrania 12:6 vibaya, na niliupenda hivyo hivyo vibaya. "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, kurudi ni kurudi tu: mama alienda soko la Virunga, amerudi. Basi nikajua Mungu akimpenda mtu humrudia, hata kama alikuwa ametoka kidogo. Mwalimu wa shule ya Jumapili ndiye aliyenieleza kwamba katika Kiswahili cha Biblia kumrudi mtoto ni kumwadhibu anyooke. Nilisikitika kweli. Na mstari wenyewe unaendelea na kupiga!

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilipowaka, nyumba yetu ya mbao kule Buhene ikaenda na moto. Tarehe 27 ikatoka amri mitaa mingi ihame, tukatembea hadi Sake, kilomita 25 hivi, godoro letu likiwa juu ya chukudu ya mtu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Njiani mhubiri mmoja alipaza sauti kwamba dhambi za Goma ndizo zimeleta lava. Sikumkubali, na hata leo simkubali. Lava ilimeza nyumba ya jirani yangu mlokole ikaiacha baa iliyo mbele kidogo. Na Yesu mwenyewe, katika Luka 13, aliulizia wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu: je, walikuwa wakosaji kuliko wengine? Akajibu: sivyo.

Kwa hiyo vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, benki zikafungwa na akiba yangu ndogo ikabaki huko ndani, sikusema Mungu ananipiga. Nilisema tu nimechoka. Maombi yangu yamekuwa mafupi: Bwana, karo. Bwana, unga. Kanisani naenda, ila nyimbo zikianza mimi nasogeza midomo.

Alhamisi, kwenye foleni ya robine, bomba la maji, mtu akaniita, "Papa!" Sikumtambua mara moja. Alikuwa yule mama wa Sake aliyetulaza siku kumi katika chumba chake kimoja, yeye na wanawe wakalala jikoni. Siku ya kuondoka nilimwapia kwamba nitakuja kumshukuru. Miaka ikapita. Vita vilipokaribia Sake, Februari 2024, naye alikimbilia hapa mjini. Muda wote huo yuko Ndosho, mwendo wa mguu kutoka kwangu, na mimi sikuwahi hata kuuliza watu wa Sake wamefikia wapi.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliuliza, "Yule mdogo, bado anaogopa giza?"

Nilimbebea bidoni zake mbili za maji hadi mlangoni, nikashindwa kusema neno la maana. Usiku nikaufungua tena mstari ule. Lava haikunigusa mahali hapa, wala benki. Swali la mama huyu ndilo lililonichapa, na baada ya miezi mingi nikaomba kwa muda mrefu, bila kutaja karo. Kama nilirudiwa kwa maana ya mwalimu au kwa ile yangu ya utotoni, siwezi kuzitenganisha.

Kesho tunaenda Ndosho. Mke wangu anapima maharage kwa kikombe, vitatu vyao, viwili vyetu, kisha anavirudisha vyote sufuriani na kuanza upya. Ananiambia nitafute mfuko usiotoboka.