Ninavyosamehe: karatasi kwanza, magoti baadaye

Kwa muda mrefu nilikuwa nasamehe kwa jumla: "Bwana, nimewasamehe wote walionikosea, amina." Sala hiyo haina ubaya, ila kwangu haikufua dafu, na sababu yake ni ya kihesabu tu. Deni usilolijua kiasi chake utalifutaje? Yesu alifundisha jambo hili kwa lugha ya madeni, "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" (Mathayo 6:12), na kitenzi cha Kigiriki kilichomo humo, aphiemi, maana yake ni kuachilia. Sasa, kitu unachokiachilia ni lazima uwe umekishika.

Kwa hiyo naanza na karatasi, naigawa safu tatu. Safu ya kwanza ni alichokifanya, kwa sentensi ambayo hata yeye mwenyewe akiisoma hataweza kuikana. "Alinidharau" haitoshi, maana hiyo ni hukumu. "Nilimkabidhi fedha za kikundi, akawaambia wenzetu hakupokea kitu": hilo ndilo tendo. Safu ya pili ni hasara niliyopata, iwe usingizi, jina langu au uhusiano na watu wengine. Ya tatu ndiyo ngumu na wengi huiruka: ninachomdai mpaka leo. Nataka aombe radhi mbele ya watu walewale? Nataka aumbuke? Nataka mambo yake yamwendee kombo? Naandika hivyohivyo bila kupamba. Zaburi ya 109 ina maneno makali kuliko yangu na imo kwenye Biblia. Nusu saa inatosha. Nikizidisha hapo najikuta nafungua mashtaka mapya.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kulipunguza deni: "aah, si neno." Mfano wa mtumwa asiyesamehe (Mathayo 18:23-35), aliyefutiwa na mfalme deni la talanta 10,000 kisha akamfunga mwenzake kwa deni la dinari 100, husomwa mara nyingi kana kwamba zile dinari 100 zilikuwa vijisenti. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo dinari 100 ni jasho la zaidi ya miezi mitatu. Aliyepotezewa kiasi hicho ameumizwa kweli. Ila talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na talanta 10,000 zinafika siku milioni 60 za kazi: miaka 200,000 kwa mtu afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka. Hapo ndipo napiga magoti. Sijaambiwa kwamba nilichotendewa ni kidogo. Nimeonyeshwa tu hesabu yangu mwenyewe ilivyokuwa kabla haijafutwa.

Naomba kwa sauti, kwa jina la mtu, nikishuka safu ya tatu mstari kwa mstari: "Bwana, nilikuwa namdai fulani aumbuke mbele ya kikundi. Dai hilo nalitoa mkononi mwangu, nalikabidhi kwako." Kisha nakata mstari kwa kalamu. Warumi 12:19 inanisaidia hapa, kwa kuwa kisasi ni cha Bwana: kesi haijatupwa, imehamishiwa kwa hakimu mwingine. Mstari ukigoma nauacha bila kuukata, nauendea kesho. Kukata kwa uongo ni kupoteza wino. Namalizia kwa kumwombea jambo jema moja la wazi, la aina ile ninayojiombea mimi: afya, kazi, watoto wake. "Bwana, mfungue macho aone alivyokosa" silihesabu kuwa ombi, hayo ni mashtaka yaliyofumba macho. Vilevile sipeleki jina lake kwenye kikundi cha maombi. Umbea ukianza kwa "tumwombee ndugu yetu" unabaki kuwa umbea.

Uchungu utarudi, pengine siku ileile. Wengi huvunjika moyo hapa, wakadhani hawakusamehe. Mimi ile "saba mara sabini" ambayo Yesu alimwambia Petro asamehe (Mathayo 18:22) naitumia hata kwa kosa moja lililonirudia moyoni mara mia. Likirudi siandiki upya karatasi nzima. Natazama ni mstari gani umefufuka, naukata tena kwa sentensi moja, naendelea na shughuli. Kumbukumbu yenyewe haifutiki, na wala haidaiwi ifutike. Paulo anasema upendo "hauhesabu mabaya" (1 Wakorintho 13:5). Unaweza kukumbuka bila kuhesabu.

Kupatana ni kazi nyingine kabisa, inahitaji watu wawili. Mathayo 18:15 inaelekeza niende kwake sisi wawili tu, na ndipo safu ya kwanza inapofaa: natamka tendo, nanyamaza, namsikiliza. Ya tatu siibebi. Ana kwa ana ni bora kuliko ujumbe wa simu, kwa sababu ujumbe hausikiki sauti na husambazwa. Asipokubali, naenda tena na mmoja au wawili. Na kama hajui kabisa kwamba alinikosea, wala kosa halitamdhuru mwingine, simwendei kumtangazia "nimekusamehe." Tangazo la namna hiyo mara nyingi ni shambulio kwa upole.

Kuaminiana nako kuna njia yake. Katika 2 Timotheo 4 Paulo anaomba wote waliomwacha wasihesabiwe hatia, na mstari mmoja tu kabla ya hapo anamwonya Timotheo ajihadhari na Iskanda mfua shaba. Yote mawili yametoka kwa mtu mmoja katika barua moja. Kwa hiyo aliyetafuna fedha za kikundi naweza kumsamehe kabisa na bado nisimrudishie uhazini. Anayepigwa nyumbani anaweza kusamehe akiwa mahali salama, na taarifa akiwa ameshaitoa. Msamaha haumfungi mtu mlangoni pa anayempiga.

Kipimo changu ni kimoja: nisikie amepata neema fulani, niangalie kifua kinasema nini. Kikikaza, kuna mstari uliobaki. Karatasi naitunza mpaka siku ninapoweza kuisoma kama barua ya mtu mwingine, ndipo naichana.